TUUCHUNGUZE MKONO KABLA YA KUUFUNGA



Kabla hujaendelea kusoma, weka gazeti mezani na uitazame mikono yako miwili. Kwa mikono hiyo unashika jembe, unasonga ugali, unambeba mtoto, unahesabu fedha na kufungua ukurasa huu. Kuanzia kifundo cha mkono mpaka ncha za vidole kuna mifupa 27. Juu ya mifupa hiyo zimepita kano, yaani kamba ngumu zinazovuta vidole vikunjike na kunyooka. Imepita pia mishipa ya damu, na mishipa ya fahamu inayotuwezesha kusikia moto, baridi na mguso. Vyote hivyo vimepangwa mahali padogo, na vingi vimelala karibu sana na ngozi. Ndiyo sababu jeraha dogo la mkono linaweza kuharibu kitu kikubwa.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Leo nitaeleza jinsi mkono unavyochunguzwa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nikiwa na cheti kipya, alikuja mama mmoja fundi wa cherehani. Alikuwa akipalilia bustani yake, akashika majani pamoja na kipande cha chupa kilichojificha ndani yake. Alikatwa upande wa ndani wa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Jeraha halikufika urefu wa sentimita mbili, na damu ilikuwa imekwisha kukatika. Nililiosha vizuri, nikachoma sindano ya ganzi, nikashona nyuzi tatu, nikampa chanjo ya pepopunda. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Baada ya wiki tano alirudi. Kovu lilikuwa zuri kabisa. Akaniambia, "Daktari mwanangu, kidonda kimepona, lakini kidole hakijapona. Ncha haikunjiki, na upande huu sisikii sindano ikinichoma." Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali. Huko alielezwa kuwa kano moja na mshipa mmoja wa fahamu vilikatwa siku ile ile ya chupa. Kano iliyokatwa hurudi nyuma kama mpira uliovutwa ukaachwa. Kuitafuta na kuiunga siku za mwanzo ni kazi inayowezekana. Wiki nyingi zikipita, kazi huwa ngumu zaidi na matokeo huwa haba.

Kosa langu halikuwa katika kuosha wala kushona. Kosa ni kwamba sikumwomba akunje kidole. Uchunguzi huo ungechukua dakika tatu. Tena nilichoma ganzi kwanza, na mkono uliokwisha kutiwa ganzi hauwezi kusema kama mshipa wa fahamu ni mzima.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nataka ujue uchunguzi huu. Sisemi ukawe mganga wa jirani zako. Nataka ujue lini jeraha ni la kufungwa tu, na lini mgonjwa apelekwe mbele upesi. Nataka pia uweze kumkumbusha mganga, kwa heshima, kama mimi nilivyostahili kukumbushwa.

UCHUNGUZI UNA HATUA TANO

Hatua ya kwanza: Uliza

Kabla ya kugusa, mwulize mgonjwa. Anatumia zaidi mkono gani? Anafanya kazi gani? Aliumia lini, na kwa kitu gani: panga, chupa, mwiba, meno, moto au mashine? Wakati wa kuumia vidole vilikuwa vimekunjwa au vimenyooshwa? Swali hili lina maana. Mama yule alikuwa ameyakamata majani, vidole vimekunjwa. Aliponyoosha kidole zahanatini, mahali kano ilipokatwa palisogea mbali na mdomo wa jeraha. Hata ningechungulia ndani, huenda nisingeona kitu. Kwa hiyo kutazama ndani ya jeraha hakutoshi. Tena usilichokoe kwa kijiti wala kwa kidole.

Uliza pia kama ana ugonjwa wa kisukari, na lini alichanjwa pepopunda mara ya mwisho.

Hatua ya pili: Tazama

Mwambie akae, aweke mikono yote miwili mezani, viganja vikiwa juu, na ailegeze kabisa. Itazame yote miwili kwa pamoja. Mkono mzima ndio kipimo cha mkono mgonjwa.

Mkono uliolegezwa haunyooshi vidole. Vidole hujikunja vyenyewe kidogo: cha shahada kidogo tu, cha kati zaidi, cha pete zaidi tena, na cha mwisho kuliko vyote. Jaribu wewe mwenyewe sasa hivi. Ukiona kidole kimoja kimelala kimenyooka wakati wenzake wamejikunja, shuku kwamba kano ya kukunja imekatwa. Hata mtoto anayelia, au mtu aliyelewa asiyeweza kujibu, mkono wake utakuonyesha jambo hili.

Tazama rangi pia. Je, kidole kimekuwa cheupe au cha buluu? Kimevimba? Je, nyama ya chini ya dole gumba, au ile iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, imenywea kuliko ya mkono wa pili? Nyama ikinywea, mara nyingi ni dalili kwamba mshipa wa fahamu umeumia siku nyingi.

Kama mkono umeanza kuvimba, vua pete mapema. Pete ikibanwa na uvimbe huzuia damu, na kidole kinaweza kufa.

Hatua ya tatu: Gusa

Gusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu, ukianzia mahali pasipouma. Tafuta penye joto na panapouma zaidi. Kisha bonyeza ukucha wa mgonjwa mpaka uwe mweupe, halafu achia. Wekundu unapaswa kurudi katika muda wa sekunde mbili hivi. Usiporudi, damu haifiki vizuri. Hilo ni jambo la haraka.

Kama mtu ameanguka akajikinga kwa kiganja, mwambie anyooshe dole gumba kwa nguvu. Utaona kishimo kidogo upande wa nyuma, chini ya dole gumba, karibu na kifundo cha mkono. Bonyeza kishimo hicho. Kikiuma sana, huenda mfupa mdogo ulio chini yake umevunjika. Mfupa huu una hila: picha ya eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa wowote. Basi mtu asipuuzwe kwa sababu tu picha ni safi. Mkono ufungwe usijongee, na apimwe tena baada ya siku 10 hadi 14.

Hatua ya nne: Jongesha

Mwambie mgonjwa ajongeshe mwenyewe. Usimlazimishe kwa nguvu.

Kwanza, afunge ngumi polepole. Vidole vyote vinapaswa kuelekea sehemu moja, chini ya dole gumba karibu na kifundo. Kidole kimoja kikipanda juu ya jirani yake, huenda mfupa umevunjika na kujipinda.

Pili, pima kano. Kila kidole, isipokuwa dole gumba, kina kano mbili za kukunja. Moja hukunja ncha na nyingine hukunja ungio la katikati. Shika pingili ya katikati isijongee, kisha mwambie akunje ncha tu. Ncha ikikataa, kano yake ina hitilafu. Hiki ndicho kipimo nilichokisahau kwa yule mama. Halafu shikilia vidole vingine vitatu vikiwa vimenyooka, mwambie akunje kile kimoja kilichobaki. Kikikunjika katika ungio la katikati, kano ya pili inafanya kazi. Watu wengine hawawezi kukunja kidole cha mwisho peke yake tangu kuzaliwa. Ndiyo maana ni lazima kulinganisha na mkono wa pili.

Tatu, ageuze kiganja kitazame meza, ainue kidole kimoja kimoja. Hapo unapima kano za kunyoosha.

Angalia sana mtu anayeweza kukunja kidole lakini kwa maumivu makali au bila nguvu. Huenda kano imekatwa nusu, na siku atakapoinua ndoo itakatika yote. Huyo naye apelekwe mbele.

Hatua ya tano: Pima hisia

Hisia hupimwa kabla ya sindano ya ganzi. Mgonjwa afumbe macho. Mguse polepole kwa kipande cha pamba au ncha ya unyoya, naye aonyeshe ulipomgusa. Gusa pande mbili za kila kidole, kwa maana kila upande una mshipa wake mdogo wa fahamu.

Mishipa mikuu ya fahamu inayokuja mkononi ni mitatu:

1. Mshipa wa kati. Huu huleta hisia upande wa kiganja katika dole gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kuupima nguvu, laza kiganja kikitazama juu, mgonjwa ainue dole gumba lielekee darini.

2. Mshipa wa upande wa kidole cha mwisho. Huu huleta hisia katika kidole cha mwisho na nusu ya pili ya kidole cha pete. Kuupima nguvu, mgonjwa atanue vidole vyote viachane.

3. Mshipa wa nyuma ya mkono. Huu huleta hisia nyuma ya mkono, upande wa dole gumba. Kuupima nguvu, mgonjwa ainue kifundo cha mkono, kama mtu anayemsimamisha dereva njiani.

Basi, ukikumbuka dole gumba juu, vidole viachane, kifundo kiinuke, umekwisha kuipima mishipa yote mitatu.

KIDOLE KILICHOTUNGA USAHA

Vijijini mwetu kidole kikivimba baada ya mwiba, wengi husema ni "mdudu", hukifunga dawa na kusubiri. Uvimbe mdogo pembeni mwa ukucha unaweza kutibiwa zahanatini. Lakini usaha ukiingia katika ala ya kano, yaani mfuko mrefu unaoifunika kano, ni hatari.

Daktari mpasuaji wa Chicago, Marekani, Allen Kanavel, aliyeandika kitabu cha maambukizo ya mkono mwaka 1912, ndiye aliyetuachia dalili zinazotumika mpaka leo. Dalili hizo ni nne:

1. Kidole kizima kimevimba, si sehemu moja tu.
2. Mgonjwa hukiweka kimekunjika kidogo.
3. Ukibonyeza upande wa kiganja, maumivu hufuata njia yote ya kano.
4. Ukijaribu kukinyoosha kidogo tu, mgonjwa hupiga kelele.

Mtu mwenye dalili hizi asingoje kesho. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha huua kano na unaweza kupanda kiganjani.

Mwenye kisukari awe mwangalifu mara mbili. Mwaka 2002 ilichapishwa taarifa juu ya wagonjwa wa kisukari waliotibiwa Dar es Salaam kati ya mwaka 1998 na 2002. Kwa baadhi yao, mambo yalianza na mchubuko mdogo au kuumwa na mdudu, yakaishia kwenye maambukizo makubwa ya mkono. Waliochelewa walikuwa katika hatari ya kukatwa mkono, na hata ya kufa. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha mkono, hata kidogo, aende kutibiwa bila kusubiri.

Jeraha jingine linalodharauliwa ni lile la juu ya vifundo vya vidole baada ya mtu kumpiga mwenzake ngumi ya mdomo. Wengi huona aibu na kusema wamejigonga mlangoni. Jino la binadamu lina vijidudu vingi, na huweza kuviingiza mpaka ndani ya ungio. Mganga hatafuti nani alianza ugomvi. Mwambie ukweli upate dawa inayofaa.

MKONO HUSEMA MENGINE PIA

Mkono ukichunguzwa vizuri, huonyesha hata magonjwa yasiyotokana na jeraha.

Tazama kiganja cha mtoto na ukilinganishe na chako. Kikiwa cheupe kupita kawaida, huenda mtoto ana upungufu wa damu, kwa malaria, minyoo, lishe duni au sababu nyingine. Kikiwa cheupe kabisa, ni hatari, apelekwe mara moja.

Mtoto mchanga kuanzia umri wa miezi sita hivi akivimba mikono na miguu, akilia kwa maumivu bila kuanguka wala kupigwa, apimwe damu kwa ugonjwa wa selimundu. Mara nyingi uvimbe huo ndio dalili ya kwanza ya ugonjwa huo. Haukuletwa na jicho la jirani. Ni ugonjwa wa damu anaourithi mtoto kutoka kwa wazazi wote wawili.

Na ukimwona mtu ameungua vidole kwa sufuria naye hana habari, usimcheke. Mtu asiyesikia moto ana ganzi, na moja ya sababu za ganzi ni ukoma. Huyu mpime hisia kama tulivyoeleza, utazame kama vidole vya pete na cha mwisho vimeanza kujikunja, na kama ngozi ina baka lililofifia lisilosikia. Mganga atagusa pia mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, kuona kama umekuwa mnene.

Zamani watu waliamini kwamba ukoma wenyewe hukata vidole. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, tangu miaka ya 1940, alionyesha kuwa vidole huharibika zaidi kwa majeraha na moto ambao mgonjwa hausikii. Basi mwenye ganzi ashike sufuria kwa kitambaa, mpini wa jembe uwe laini, na kila jioni aichunguze mikono yake kwa macho, kwa kuwa maumivu hayatamwita. Ukoma unatibika kwa dawa za mchanganyiko zinazotolewa bure, kwa muda wa miezi 6 au 12. Akianza dawa, hawaambukizi wenzake tena baada ya muda mfupi. Akiwahi, mkono wake huweza kubaki mzima.

UFANYE NINI NYUMBANI?

Mtu akijikata mkono:

Moja, bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu ya kifua mpaka damu ikatike. Usifunge kamba mkononi kwa jeraha la kawaida.

Mbili, damu ikikatika, osha kwa maji safi mengi na sabuni. Usitie mafuta ya taa, majivu, kinyesi cha ng'ombe, tumbaku wala udongo. Baadhi ya vitu hivi huweza kuleta pepopunda.

Tatu, mwambie akunje na kunyoosha kila kidole, na umwulize kama kuna mahali pasiposikia.

Nne, funga kwa kitambaa safi bila kubana, mkono uning'inizwe kwa kanga shingoni, kisha aende zahanati kwa chanjo na matibabu.

Aende upesi mahali penye daktari mpasuaji kama kidole hakikunjiki au hakinyooki, kama kuna ganzi, kama kidole ni cheupe na baridi, kama mfupa umejipinda, au kama zipo zile dalili nne za usaha. Jeraha hilo lisiachwe mpaka baada ya mavuno.

Yule mama fundi bado anashona. Amejifunza kushika mkasi kwa kidole cha kati, lakini nguo aliyokuwa akiimaliza kwa siku moja sasa humchukua mbili. Nilikwenda kumweleza kuwa nilikosea. Aliniambia, "Basi wengine uwatazame vizuri." Tangu siku hiyo hakuna mkono niliofunga kabla ya kumwomba mwenyewe akunje vidole.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mikono yote miwili itazamwe hata kama ulioumia ni mmoja?
2. Kwa nini hisia zipimwe kabla ya sindano ya ganzi?
3. Wanakikundi wawili wawili wapimane: dole gumba juu, vidole viachane, kifundo kiinuke.
4. Taja dalili nne za usaha katika ala ya kano.
5. Kijijini kwetu, mtu akiumia mkono usiku, tutampelekaje hospitali? Nani ana chombo, na nani atatunza watoto na mifugo yake?

Swali la tano mlijibu leo, kabla hajaumia mtu.